Wasifu Husomwa Kuanzia Nyuma

Nikishika kitabu cha maisha ya Thomas Jefferson, mkono hauendi ukurasa wa kwanza. Huenda nyuma kabisa, kwenye faharasa, herufi H, kumtafuta Hemings. Nisipomkuta nakirudisha kitabu kilipokuwa. Nikimkuta na kurasa mbili tatu, tena za kumkana, natazama kwanza mwaka wa uchapishaji kabla sijamlaumu mwandishi. Lakini nikikuta jina hilo linafuatwa na mlolongo wa namba, na chini yake mama yake, kaka zake na wanawe, kila mmoja kwa jina lake, hapo natafuta pa kukaa.

Muuza vitabu vya mtumba ninayemwendea katikati ya Dar es Salaam hunicheka kwa tabia hii. "Mwalimu, wenzako wanaangalia picha, wewe unasoma orodha ya marehemu," aliniambia miezi kadhaa iliyopita huku akinisogezea ndoo nikalie. Siku hiyo alikuwa na vitabu viwili vya kunifaa. Kimoja kilikuwa John Adams cha David McCullough, mgongo umeachia na kurasa za mwisho zimeingia maji. Kingine kilikuwa juzuu ya nne ya Jefferson and His Time ya Dumas Malone, yatima, imeachana na wenzake watano. Hakuna mteja aliyeitaka. Niliichukua kwa shilingi elfu tano, na ningelipa zaidi angeniambia, kwa sababu ya kiambatisho kilichomo mwishoni.

Malone aliandika juu ya Jefferson kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodumu kazini. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1948. Ya sita ilitoka mwaka 1981, mwenyewe akikaribia miaka 90 na macho yamekwisha nguvu. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1975, alipewa Tuzo ya Pulitzer. Ni mwandishi mwaminifu, wa kupekua kila barua na kujua Jefferson alilala wapi usiku gani. Na katika juzuu hii ya nne, iliyotoka mwaka 1970, aliweka kiambatisho kuhusu tuhuma kwamba Jefferson alizaa watoto na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Kichwa cha kiambatisho kimeshatoa hukumu kabla mashahidi hawajaitwa: Malone anaiita habari hiyo ngano. Hoja yake nzito kuliko zote ni tabia. Muungwana wa hulka ile, anasema, asingefanya jambo lile.

Sasa tazama kilichotokea. Ukitaka kujua kama mtu amezaa na mtu, swali la kwanza ni la mtaani kabisa: walikuwa pamoja lini? Jefferson mwenyewe aliandika tarehe za kuzaliwa watoto wa Sally katika daftari lake la shamba, kama alivyoandika za watumwa wengine. Na alipokuwapo yeye, siku kwa siku, wakaandika waandishi wa maisha yake, Malone akiwa mbele yao. Winthrop Jordan mwaka 1968, kisha Fawn Brodie mwaka 1974, waliziweka kumbukumbu hizo mbili kando kwa kando. Jefferson alikuwa mtu wa safari: alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Makamu wa Rais, Rais, miezi mingi yuko Philadelphia au Washington. Lakini kwa kila mtoto wa Sally, ukihesabu miezi tisa kurudi nyuma, unamkuta Jefferson yuko nyumbani Monticello. Familia yake ilikuwa imemhakikishia Henry Randall, mwandishi wa wasifu wa mwaka 1858, kwamba kabla ya kuzaliwa mmoja wa watoto hao, Jefferson na Sally walikuwa mbalimbali kwa miezi kumi na mitano. Miezi hiyo kumi na mitano haimo katika ratiba. Malone alikuwa na rula mkononi, hakupima.

Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza kwamba kitabu muhimu kuliko vyote kuhusu Jefferson kilichoandikwa katika nusu karne iliyopita si wasifu wake hata kidogo. Ni kile cha Annette Gordon-Reed cha mwaka 1997 kuhusu Jefferson na Sally Hemings. Gordon-Reed ni mwanasheria, na alifanya kazi ya mwanasheria: aliwarudisha kizimbani mashahidi wale wale wa zamani akawahoji upya. Upande mmoja alikuwapo Madison Hemings, mtoto wa Sally, aliyesimulia maisha ya mama yake katika gazeti moja la Ohio mwaka 1873: alivyopelekwa Paris akiwa msichana wa miaka 14, na ahadi aliyopewa kwamba watoto wake wataachwa huru wakifika miaka 21. Upande wa pili walikuwapo wajukuu halali wa Jefferson. Thomas Jefferson Randolph alisema aliyezaa na Sally ni mpwa wa Jefferson, Peter Carr. Dada yake, Ellen Coolidge, aliandika mwaka 1858 kwamba ni Samuel Carr, ndugu yake Peter. Kaka na dada wa tumbo moja wametaja wanaume wawili tofauti, na bado vizazi vya wanahistoria viliwaamini wote wawili na kumwona Madison ndiye muongo. Gordon-Reed aliuliza tu: kwa kigezo gani?

Mwaka uliofuata vikaja vinasaba. Matokeo yaliyochapishwa Novemba 1998 yalionyesha kwamba kizazi cha Eston, mdogo wake Madison, kilibeba kromosomu Y ya ukoo wa Jefferson, na kwamba akina Carr hawamo. Watu hupenda kusema maabara ilimaliza ubishi. Sivyo hasa. Sampuli za upande wa Jefferson zilitoka kwa kizazi cha baba yake mkubwa, kwa hiyo kipimo kilitaja ukoo, hakikumtaja Thomas. Lililomweka Thomas pale ni karatasi ambazo zilikuwapo muda wote: daftari la shamba, ratiba, simulizi la Madison. Januari 2000 taasisi inayotunza Monticello ikakubali kwamba yeye ndiye aliyeelekea sana kuwa baba wa watoto wote sita. Joseph Ellis, ambaye katika wasifu wake wa Jefferson, American Sphinx, alikuwa ameona jambo hilo haliwezekani, alibadili msimamo hadharani mara matokeo yalipotoka. Nampa heshima kwa hilo. Ukinunua American Sphinx, basi ujue unasoma chapa ipi.

Nimekaa sana kwa Jefferson kwa makusudi, kwa kuwa kosa la Malone ndilo kosa la fani nzima. Mtu mvivu huonekana haraka. Malone hakuwa mvivu. Alikaa na Jefferson miaka mingi mpaka akawa kama mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani akiulizwa habari ya baba hujibu kwa adabu. Wasifu wa kiongozi unapokuwa mrefu sana, hilo ndilo la kuchunga: siku gani mwandishi aliacha kuwa mgeni.

Kuna dawa ya bei nafuu. Soma wawili waliogombana, kila mmoja kwa mwandishi wake. Kesi ya mke na mume haikatwi kwa kumsikiliza shangazi wa upande mmoja. McCullough alikusudia kuandika kitabu kimoja cha Adams na Jefferson pamoja. Kadiri alivyochimba akamwelemea Adams, mpaka Jefferson akatoka kwenye jalada. Kitabu kilichapishwa mwaka 2001, kikapata Pulitzer mwaka uliofuata, na ni kitamu kama mkate wa kumimina. Utamu huo una chanzo. Adams na mkewe Abigail waliandikiana barua zaidi ya 1,100 ambazo zimesalia, za mapenzi, za hasira, za bei ya vitu sokoni. Mtu mwenye barua hizo hujitetea mwenyewe hata akiwa kaburini. Jefferson yeye alichoma alizoandikiana na mkewe. Kwa hiyo mbele ya msomaji Adams anakuwa mtu mwenye nyama na damu, na Jefferson anakuwa kivuli chenye tabasamu, ilhali tofauti yao kubwa hapo ni kiberiti.

Kama unataka kujua McCullough anateleza wapi, fungua mwaka 1798. Huo ndio mwaka Rais Adams alipotia saini sheria za kuwabana wageni na wanaoikashifu serikali. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 kwa maneno aliyoandika juu ya Rais, na wapiga kura wake wakamrudisha bungeni angali gerezani. Ni kisa ambacho mwandishi yeyote angekimezea mate. McCullough anapita hapo kwa mwendo wa mtu aliyechelewa basi. John Ferling, aliyeandika juu ya Adams miaka tisa kabla yake, hana mvuto ule wa sentensi, lakini ndiye ningemkabidhi mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

Kwa Alexander Hamilton hali imekuwa ngumu zaidi kwa sababu ya nyimbo. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa tamthilia za nyimbo, alikichukua kitabu cha Ron Chernow cha mwaka 2004 akaenda nacho likizo Mexico mwaka 2008, na miaka saba baadaye dunia ikawa inaimba habari za Waziri wa Fedha. Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu waasisi wa Marekani wamepitia mlango huo, sina ugomvi nao. Lakini Chernow ni mtu wa kupimwa kwa kipimo kidogo kwanza. Mimi humpima kila mwandishi wa Hamilton kwa swali moja: alizaliwa lini? Hamilton mwenyewe alisema mwaka 1757. Karatasi ya mahakama ya mirathi kisiwani St. Croix, iliyoandikwa mwaka 1768 mama yake alipofariki, inasema mtoto Alexander ana miaka 13, yaani alizaliwa mwaka 1755. Miaka miwili si kitu, utasema. Ni kitu. Kama ni 1755, basi kijana huyu alipofika bara alijipunguzia umri, na mwandishi inabidi aamue kama anamwamini bwana wake au karani wa mahakama ambaye hakuwa na faida yoyote. Chernow anachagua 1755 na kueleza sababu. Amefaulu. Mwandishi anayekuandikia tarehe moja bila hata tanbihi, ukiwa hujavuka sura ya kwanza, amekuonyesha atakavyokutendea kwenye mambo makubwa.

Chernow anaposhindwa ni palepale aliposhindwa Malone, kwenye mapenzi. Hamilton wake ni adui thabiti wa utumwa. Kweli alikuwa katika chama cha New York cha kupigania watumwa waachwe huru, kilichoanzishwa mwaka 1785. Lakini mwaka 2020 Jessie Serfilippi, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya makumbusho ya akina Schuyler, wakwe zake Hamilton, mjini Albany, alitoa utafiti uliojengwa juu ya daftari za fedha za Hamilton, akionyesha manunuzi ya watu, mengine kwa ajili ya jamaa na mengine, kwa hoja yake, ya kwake mwenyewe. Katika hesabu ya mali iliyopigwa baada ya kuuawa mwaka 1804 kuna mstari wa watumishi wenye thamani ya pauni 400. Mtumishi wa mshahara haandikwi thamani kando ya meza na vitanda. Chernow alijibu kwamba utafiti huo umeacha nje mema ya Hamilton, na mjadala haujafungwa. Ninachokuomba ni kumsoma Nancy Isenberg pia, Fallen Founder, wasifu wa mwaka 2007 wa Aaron Burr, aliyemuua Hamilton, hata kama utaona naye anampenda Burr kupita kiasi. Angalau utajua kwa nini Burr amekuwa shetani wa hadithi zote. Hamilton aliacha mjane, Eliza, aliyeishi miaka 50 baada yake akikusanya karatasi na kuhimiza kitabu, mpaka mwanawe akakiandika. Burr alimpoteza binti yake Theodosia baharini katika majira ya baridi ya 1812 na 1813, na pamoja naye zikapotea karatasi nyingi za baba.

Hapo ndipo ilipo siri ya fani hii, na wauzaji hawaiandiki nyuma ya jalada. Sifa za marehemu hutegemea sana nani alitunza sanduku.

George Washington alitunza sanduku vizuri kuliko wote, na hata hivyo ndiye mgumu kuliko wote. Martha alichoma karibu barua zote walizoandikiana. Zilizobaki ni za jeshi, za shamba, za serikali, maelfu kwa maelfu, na zote zimevaa koti. Walioandika juu yake mwanzoni walijaza pengo hilo kila mtu kwa alichonacho. Mchungaji Mason Weems, muuza vitabu wa kutembeza aliyefahamu soko lake, alitoa kitabu mwaka 1800, miezi tu baada ya mazishi, na katika chapa ya mwaka 1806 akatia kisa cha mtoto aliyekata mcheri akakiri kwa baba yake. Kejeli ya uongo uliotungwa kuhusu mtoto asiyesema uongo imeshachuja, siirudii. Jaji Mkuu John Marshall naye alitoa juzuu tano, na katika ya kwanza Washington haonekani kabisa kwa mamia ya kurasa, maana Jaji anaanza na historia ya makoloni yote. Nani alimaliza kuisoma, Mungu anajua.

Lakini aliyefanya madhara ya kudumu ni mtu msomi, Jared Sparks. Katika miaka ya 1830 alihariri maandishi ya Washington katika juzuu 12, akaona haifai taifa lisikie jenerali akiongea kama askari. Washington alipomtaja Jenerali Putnam kwa jina la utani la kambini, Sparks alilifuta akaandika cheo na jina kamili. Tahajia akainyoosha, maneno makali akayapiga pasi. Tena akaichukua rasimu ya hotuba ya kuapishwa ya mwaka 1789 ambayo haikutumika, ikiwa kwa mwandiko wa Washington mwenyewe, akaikatakata vipande awagawie marafiki waliotaka kumbukumbu ya mwandiko. Watafiti bado wanaviokota vipande hivyo hadi leo. Kwa hiyo wasifu wowote wa zamani ulioegemea Sparks unamnukuu Sparks. Katika tanbihi za kitabu cha Washington mimi hutafuta chapa mpya ya karatasi zake, ile inayotayarishwa na Chuo Kikuu cha Virginia. Nisipoiona, kitabu kinabaki mapambo.

Siku hizi huhitaji hata kumwamini mwandishi. Tangu mwaka 2013 maandishi ya Washington, Adams, Jefferson, Madison, Hamilton na Franklin yamewekwa bure kwenye intaneti, hati zaidi ya 180,000, kwa jina la Founders Online. Chagua tanbihi tatu katika kitabu chako, andika tarehe ya barua, soma barua yenyewe. Nimewahi kukaa saa nzima kwenye simu nikifanya hivyo, na vifurushi vikaisha, ila nikaokoa bei ya kitabu. Wingi wa tanbihi peke yake si dalili ya afya. Mwaka 2012 mchapishaji Thomas Nelson alikiondoa sokoni kitabu cha David Barton kuhusu Jefferson, baada ya kupoteza imani na maelezo yaliyomo, na kitabu hicho hakikuwa na uhaba wa marejeo.

Kipimo kingine ni neno "bila shaka". Mwandishi mwenye barua hasemi "bila shaka alihuzunika". Anasema alimwandikia nani, lini. Neno hilo likianza kujirudia kila ukurasa, ujue sanduku ni tupu na mtu anajaza. Kwa Washington linajirudia sana. Alexis Coe, katika kitabu chake kifupi cha mwaka 2020, aliwacheka wanaume wenzangu kwa jinsi wanavyosifia mapaja ya jenerali akiwa juu ya farasi. Nilicheka, kisha nikarudi kwenye rafu yangu, nikaona aibu. Kama una uwezo wa kununua kimoja tu, usikimbilie cha Chernow cha 2010 chenye kurasa zaidi ya 800, hata kama kilipata Pulitzer. Chukua His Excellency cha Ellis, chembamba, kinachokubali mapema kwamba mlango mmoja hautafunguka.

James Madison nitampitia haraka, ingawa hastahili. Kila mtu hutegemea kumbukumbu alizoandika katika mkutano wa Katiba wa mwaka 1787, zilizochapishwa mwaka 1840 baada ya kufa kwake. Mary Sarah Bilder, katika Madison's Hand cha mwaka 2015, alizichunguza karatasi zenyewe, alama za maji ndani yake na tofauti za uandishi, akaonyesha kwamba Madison aliendelea kuzirekebisha kwa miaka mingi. Juzuu sita za Irving Brant, pamoja na heshima yote, ziliandikwa kabla ya uchunguzi huo.

Na Benjamin Franklin aliwawahi wote: alijiandikia mwenyewe. Tawasifu yake aliianza mwaka 1771 kama barua kwa mwanawe William, akaiendeleza kwa vipindi, na haikufika hata kwenye Mapinduzi ya Marekani. William baadaye alibaki upande wa mfalme na baba hakumsamehe. Waandishi wengi wa Franklin bado wanavaa nguo alizowashonea. Anayetaka kumwona kwa jicho lisilo lake asome kitabu cha Jill Lepore cha mwaka 2013 kuhusu dada yake, Jane. Hakuna mtu ambaye Franklin alimwandikia barua nyingi kuliko huyo dada. Jane alizaa watoto 12 na kuwazika 11. Alichoacha kama maandishi ya maisha yake ni kijitabu cha karatasi alizozishona kwa uzi kwa mkono wake, ndani yake tarehe za kuzaliwa na za kufa, karibu bila neno jingine. Lepore anakigeuza kijitabu hicho mikononi mwako mpaka unaona sindano. Baada ya hapo, ushauri wa Franklin kuhusu kuamka mapema na kuweka akiba unausikia kwa sikio jingine.

Ukishuka kizazi kimoja, kwa Andrew Jackson, faharasa inafanya kazi mara mbili. Arthur Schlesinger alipata Pulitzer kwa kitabu cha mwaka 1945 kuhusu zama za Jackson ambamo kuhamishwa kwa nguvu kwa Wahindi Wekundu hakuna nafasi yake, jambo lililotwaa roho za maelfu. Mimi naongeza jina moja la kwetu: Edmund Roberts, mjumbe wa Jackson aliyetia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, huko Maskati mwaka 1833. Ukiliona jina hilo, huyo mwandishi amefungua na majalada ya bahari ya mbali. Kitambaa cha pamba kilichofuata njia hiyo, bibi zetu walikiita merikani.

Mtihani wangu wa mwisho kwa kitabu chochote cha Washington uko kwenye herufi J, au O kama mwandishi amefuata jina la utani: Ona Judge, Oney. Alikuwa mtumwa wa nyumba ya Rais mjini Philadelphia, msichana wa kumvalisha Martha. Sheria ya Pennsylvania ilimwachia huru mtumwa aliyekaa humo miezi sita, na Washington alikuwa akiwazungusha watu wake kutoka na kuingia ili miezi sita isitimie. Mwaka 1791 alimwelekeza katibu wake afanye hivyo bila wao wala watu wa nje kutambua. Mei 1796 Ona alitoroka. Tangazo la gazetini liliahidi dola 10. Alipoonekana Portsmouth, New Hampshire, Washington alimtumia ofisa wa forodha wa huko, Joseph Whipple. Ona akatoa sharti: atarudi kama ataachwa huru baada ya Washington na mkewe kufa. Jibu la Rais la tarehe 28 Novemba 1796 limo kwenye ile hazina ya bure ya intaneti, na ni barua ya mtu aliyeudhika kwamba mtumwa anataka masharti. Washington aliamini ameshawishiwa na Mfaransa fulani.

Erica Armstrong Dunbar amempa Ona kitabu kizima, Never Caught, cha mwaka 2017. Katika wasifu mwingi wa Washington atapata ukurasa, pengine aya, na mara nyingi kinachosikika ndani yake ni barua ya Rais na hasira yake. Lakini Ona aliishi hadi mwaka 1848, akajifunza kusoma, na mwaka 1845 alihojiwa na gazeti la New Hampshire. Mfaransa hayumo katika maelezo yake. Alisema nyumba nzima ilikuwa inafungasha kwenda Virginia, naye akafungasha pamoja nao, ila vyake alishavipeleka kwa marafiki zake weusi wa mjini humo. Wakati wenye nyumba wanakula chakula cha jioni, akatoka.